Waziri wa Mikopo na Mtoto wa Mwenye Duara

Mwakitolyo haina chuo kikuu. Kata hii ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga ina maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, makarasha ya kusaga mawe yanayonguruma kutwa, mialo ya kuoshea mchanga, mama ntilie wanaopika kabla ya alfajiri na wanunuzi wa dhahabu wenye mizani ya kutoshea mfukoni. Kwa elimu ya juu, jirani wa karibu ni kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, kiko Mwanza, kando ya ziwa. Wengine hupanda basi la Dodoma au la Dar es Salaam na kurudi nyumbani kwa msimu. Hata hivyo, siasa za vyuo vikuu huanzia hukuhuku kijijini, mezani kwa mtendaji, siku ambayo kijana aliyemaliza kidato cha sita anapeleka fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu igongwe muhuri.

Fomu hiyo ina mahitaji yake. Inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Inataka picha na saini ya mdhamini pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Inataka muhuri wa serikali ya kijiji au mtaa, kisha muhuri wa kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu, ambaye kwa mtu wa Mwakitolyo maana yake ni nauli ya kwenda mjini. Na kama mzazi mmoja amefariki, inataka cheti cha kifo, nacho kihakikiwe.

Hapo kwenye cheti cha kifo ndipo watoto wengi wa machimboni hukwama.

Machimbo hukusanya watu kutoka kila upande: Tabora, Kigoma, Mara, Kagera, Simiyu. Duara likititia, jambo la kwanza ni kufukua, la pili ni kuchangishana, la tatu ni kusafirisha mwili kwenda kuzika kwao. Novemba 2015, Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi, na nchi nzima ikashangilia. Wasiopata bahati hiyo husitiriwa upesi, kwa kibali cha mazishi na machozi, na katika haraka ile hakuna anayewaza kwenda ofisi ya wilaya kusajili kifo. Mtoto wakati huo yuko darasa la pili. Miaka kumi baadaye mfumo wa mtandaoni unamuuliza namba ya cheti cha kifo cha baba, naye hana ila kaburi lililo mkoa mwingine. Kwa macho ya kompyuta huyo si yatima. Ni mtu ambaye hakujaza fomu vizuri.

Aliye na baba hai naye ana yake. Kwenye duara hakuna mshahara wala hati ya malipo, kuna mgao. Mara nyingi mwenye leseni huchukua kama asilimia 30 ya mawe yaliyotoka, mwenye duara na aliyemfadhili wanachukua fungu lao, na wachimbaji wanagawana mifuko iliyobaki, kila mmoja aende karashani na bahati yake. Mwaka mwamba ukitema, mwenye duara hujenga, hununua pikipiki na kumtoa mwanawe shule ya kata akampeleka shule ya kulipia. Mwaka mwamba ukikata, huuza pikipiki, hukopa ya matimba na dizeli, na mtoto humaliza kidato cha nne kwa huruma ya mkuu wa shule. Historia ya ada ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa katika kupima uhitaji wa mwombaji. Risiti ya shule ya kulipia inaonekana. Deni la dizeli halionekani.

Kijana wa namna hiyo akishafika chuoni na kukuta jina lake halimo, au limo kwa kiasi kisichotosha hata chumba, hatafuti mwanaharakati. Anatafuta mtu mmoja katika serikali ya wanafunzi: Waziri wa Mikopo.

Wasiopita vyuoni huenda wakacheka kusikia vijana wa miaka 22 wakiitana mheshimiwa. Serikali za wanafunzi wa Tanzania zimejijenga kwa mfano wa dola. Kuna Rais na Makamu, kuna Waziri Mkuu, Baraza la Mawaziri, Bunge lenye Spika, na tume ya uchaguzi inayolalamikiwa kama tume zote duniani. Kampeni zina mabango, nyimbo na ahadi za kuondoa foleni kwenye kantini. Suti huazimwa. Mengi ya hayo ni mapambo, na ukweli usemwe: wapo wanaogombea ili waonekane na chama fulani kabla ya kuhitimu. Lakini wizara ya mikopo si pambo. Mwanzo wa mwaka wa masomo, mlango wake ndio wenye watu wengi kuliko hata wa Rais.

Kinachofanyika mle ndani ni kazi ya karani mwenye subira. Mwanafunzi wa kwanza jina lake la cheti cha kidato cha nne halilingani na la benki; herufi moja imeruka na fedha imerudi ilikotoka. Wa pili alihama chuo na mkopo wake umebaki kule alikohama. Wa tatu hakusaini kwa wakati kwa sababu alikuwa kwenye mazoezi ya vitendo. Wa nne amepangiwa fedha za kujikimu lakini ada sifuri. Wa tano hana tatizo la karatasi. Hajala tangu jana, na bumu, yaani fedha ya kujikimu, halijatoka. Waziri anaandika majina, namba za mtihani na kiini cha tatizo, anakwenda kwa Afisa Mikopo wa chuo, anarudi, anapigiwa simu usiku. Halipwi mshahara kwa hayo. Akiwa mzuri, anajua kanuni za Bodi kuliko baadhi ya wafanyakazi wa chuo. Akiwa mbaya, anajua njia ya kwenda kupiga picha na wageni rasmi.

Swali la sura hii ni hili: huyu mtu ana nguvu gani hasa, na kazipata wapi?

Nguvu yenyewe imenyang'anywa na kurudishwa mara kadhaa. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima. Kilichowauma zaidi ni masharti ya kufanya kazi kwa mwaka mmoja na nusu huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi ya mabango yalidai kwamba enzi za mkoloni zilikuwa nafuu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha.

Tukio hilo lina funzo lisilopendeza kwa watetezi wa wanafunzi. Wale vijana walikuwa na hoja, lakini ilikuwa hoja ya tumbo lao peke yao, mbele ya wananchi ambao wengi wao hawakuwahi kuona mshahara. Mkulima wa pamba wa Shinyanga mwaka 1966 angewaonea huruma kwa lipi?

Waliofuata walijifunza. Mwaka 1967 kikaundwa kikundi cha wanafunzi cha USARF, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, kijana wa Uganda aliyekuwa akisoma Mlimani, kama chuo hicho kiitwavyo. Walizungumza habari za ukombozi wa Msumbiji, za wafanyakazi na za wakulima, wakatoa jarida la Cheche. Novemba 1970 kikundi na jarida vyote vikapigwa marufuku. Julai 1971, rais wa chama cha wanafunzi, DUSO, Mkenya Symonds Akivaga, aliandika barua ya wazi kumkosoa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa. Askari wa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, walifika Mlimani na kumchukua. Wenzake waligomea masomo.

Machi 5, 1978 waliandamana tena, na safari hii hoja ilikuwa imegeuka kabisa. Walipinga mawaziri na wabunge kujiongezea mishahara na marupurupu. Takriban wanafunzi 350 walifukuzwa. DUSO ikafutwa, na mahali pake pakawekwa MUWATA, jumuiya iliyofungwa chini ya mwavuli wa vijana wa chama tawala. Kwa miaka kumi na zaidi, mwakilishi wa wanafunzi alikuwa mtu aliyewajibika juu kabla ya kuwajibika chini. Mei 1990 chuo kilifungwa baada ya mgomo mrefu, kikafunguliwa mwanzoni mwa 1991, na katika mageuzi yaliyofuata ikazaliwa DARUSO, chombo ambacho angalau kilichaguliwa na wanafunzi wenyewe. Wapo waliolipia kuzaliwa huko kwa kufukuzwa masomo. James Mbatia, aliyekuja kuongoza NCCR-Mageuzi, ni mmoja wao.

Ukiyatazama majina haya manne, DUSO, USARF, MUWATA na DARUSO, unaona kitu kimoja: kila mara mabishano yalikuwa juu ya nani anamiliki chombo. Juu ya kile kinachofanywa na chombo chenyewe siku ya Jumanne isiyo na mgomo, kumbukumbu ziko chache mno.

Kisha fedha zikabadilisha kila kitu. Mwanafunzi wa zama za DUSO alilipiwa na serikali chakula, malazi na vitabu. Alipoandamana, aliandamana kuhusu nchi. Miaka ya 1990 ukaja uchangiaji wa gharama, na Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi Julai 2005. Tangu hapo mwanafunzi wa Kitanzania ana mdai wake. Ana kima cha kila siku kilichoandikwa, ana tarehe ya kusaini, na ana deni litakalokatwa kwenye mshahara wake siku akiupata. Siasa za vyuo zikawa siasa za tarakimu.

Tarakimu maarufu kuliko zote ni kima cha chakula na malazi. Mwanzoni mwa 2011 kilikuwa shilingi 5,000 kwa siku, na wanafunzi wa Mlimani waligoma wakidai 10,000. Kikapandishwa hadi 7,500. Baadaye kikawa 8,500, na kizazi kizima cha wahitimu kinakumbuka bumu la 510,000, ambalo ni hesabu ya siku 60. Shilingi 10,000 zilifika mwaka wa masomo 2022/23. Waliozidai wakati huo walikuwa wameshazaa, wamejenga, wengine wanakatwa deni.

Mtu anaweza kulitazama hili kama ushindi uliochelewa. Mwandishi wa sura hii haoni hivyo. Bei ya kilo ya mchele ya 2022 si ya 2011, na kodi ya chumba cha Msewe au Changanyikeni, karibu na Mlimani, nayo haikusubiri. Waliopata 10,000 hawakupata kile kilichodaiwa. Walipata namba yake tu. Mbona madai hayakusogea na wakati? Mbona viongozi wa 2015 au 2018 hawakuja na jedwali linaloonyesha sahani ya wali maharage imepanda kwa kiasi gani tangu kima kiwekwe, mwaka hadi mwaka, kantini hadi kantini?

Jibu moja ni muda. Kiongozi wa serikali ya wanafunzi hukaa mwaka mmoja. Miezi miwili inaishia kwenye kuapishwa na kugawana wizara, miwili kwenye mitihani, mmoja kwenye likizo. Anayemfuata hukuta ofisi yenye kabati, stempu na kalenda ya mwaka jana. Orodha ya kesi zilizoshughulikiwa ilikuwa kwenye simu ya mtangulizi, na mtangulizi yuko Katavi akitafuta ajira. Bodi ya Mikopo ina kumbukumbu ya miaka ishirini. Upande wa pili wa meza una kumbukumbu ya tangu Novemba.

Kwa ulinganifu, inafaa kurudi machimboni.

Wachimbaji wadogo wa Tanzania wana vyama vya mikoa na juu yake wana shirikisho lao, FEMATA. Viongozi wake si wanafunzi wa kuondoka baada ya mwaka. Kwa muda mrefu walilalamikia kodi mbili: ile ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5. Hawakuishia kusema ni nyingi. Walieleza njia dhahabu inayopita. Mtu akiwa na gramu zake, akiambiwa akiuza kihalali atakatwa zaidi ya robo ukijumlisha na mrabaha, anaitia mfukoni na kuivusha mpakani usiku. Serikali inakosa kodi, na mrabaha pia inaukosa. Januari 22, 2019, Rais John Magufuli alikutana nao Dar es Salaam wakayasema hayo mbele yake. Mwezi uliofuata Bunge likarekebisha sheria na kodi zote mbili zikaondolewa kwa mchimbaji mdogo. Machi mwaka huohuo soko la kwanza la madini likafunguliwa Geita. Mchimbaji akabaki na mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1 na ushuru wa halmashauri asilimia 0.3.

Bila shaka haki haikuwafikia wote kwa usawa. Aliyenufaika kwanza ni mwenye leseni na mnunuzi, si kijana anayeshuka duarani kwa kamba. Lakini kwa utetezi, mfano huu una uzito. Walimwonyesha mwenye mamlaka hasara yake mwenyewe, kwa tarakimu, na hakuna ofisi iliyokuwa na uwezo wa kuwafutia masomo kwa kusema.

Mwanafunzi anafutiwa. Tofauti hiyo ni kubwa, na anayeilaumu serikali ya wanafunzi kwa woga aikumbuke kwanza. Chukua mambo ya Mlimani ya miaka michache. Aprili 2017 zilizinduliwa hosteli mpya, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, msaada mkubwa kwa chuo ambacho kubebana, yaani wawili kulala kitanda cha mmoja, ni mila ya miaka mingi. Desemba mwaka huohuo picha za nyufa kwenye majengo hayo zikasambaa. Wakala wa Majengo ulieleza kwamba ni nafasi za kitaalamu zinazoachwa ili jengo lipate kutanuka. Huenda maelezo hayo yangetosha kumaliza suala. Lakini mwanafunzi aliyesambaza picha alikuwa ameshakamatwa na polisi. Kazi ya mwakilishi ni pamoja na kupiga picha ukuta uliopasuka na kuuliza. Ikiwa kuuliza kunampeleka kituoni, wengine watapita na kuangalia chini.

Machi 2018, Abdul Nondo, kiongozi wa mtandao wa wanafunzi uitwao TSNP, ulioko nje ya serikali rasmi za vyuo, alitoweka Dar es Salaam na kuonekana Mafinga. Majuma machache kabla, Februari 16, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Akwilina Akwilini, alikuwa ameuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni, na mtandao wa Nondo ulikuwa umepaza sauti juu ya kifo hicho. Nondo alishtakiwa kwa kutoa taarifa za uongo kuhusu kutekwa. Novemba 2018 mahakama mjini Iringa ilimwachia huru. Kilichotokea hapo kinaeleza hali ilivyokuwa: suala zito kuliko yote kwa wanafunzi wa mwaka ule lilisemwa na chombo kisicho na kiti katika Baraza wala Seneti ya chuo chochote.

Desemba 2019 ikawa zamu ya DARUSO yenyewe. Viongozi wake waliipa Bodi ya Mikopo saa 72 kumaliza kero za wanafunzi ambao fedha zao zilikuwa hazijatoka. Chuo kikawasimamisha baadhi ya viongozi. Wapo waliosema vijana walikosea lugha, kwamba saa 72 ni lugha ya vitani. Huenda. Ila mtu anayesubiri fedha ya chakula haoni saa 72 kuwa ni chache.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inazitambua jumuiya za wanafunzi, na wawakilishi wao huketi katika vikao vya juu vya chuo. Hili si dogo. Ni dai lililoanza mbali: mwaka 1918 wanafunzi wa Córdoba nchini Argentina waligoma wakitaka sehemu katika uongozi wa chuo chao, na moto huo ukaenea Amerika ya Kusini yote. Lakini kiti kina masharti. Katiba ya serikali ya wanafunzi huidhinishwa na chuo, fedha yake hukusanywa pamoja na ada na hutoka kwa saini ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, na Rais wa wanafunzi anayeingia kwenye kikao cha Baraza ni mwanafunzi ambaye wiki ijayo ana mtihani utakaosahihishwa na watu waliomo kikaoni.

Wakenya wamepita njia yao, nayo si laini zaidi. Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akafia gerezani mwaka 1988. SONU ilirudi, ikakua, ikawa na chaguzi za gharama kubwa zenye mkono wa wanasiasa. Mwaka 2016 Bunge la Kenya likarekebisha sheria ya vyuo vikuu: wanafunzi wachague wajumbe katika maeneo yao ya masomo, na wajumbe hao ndio wachague viongozi. Nairobi, SONU ikazikwa na kuzaliwa UNSA. Watetezi wa sheria hiyo walisema imepunguza fujo na fedha. Wapinzani wanasema wajumbe wachache ni rahisi kununuliwa kuliko maelfu. Wote wana hoja.

Turudi kwa kijana wa Mwakitolyo, maana yeye hakuja chuoni kujadili katiba. Yapo mawili ambayo serikali ya wanafunzi inaweza kumfanyia bila kuomba ruhusa ya mtu.

La kwanza ni kumbukumbu. Kila kesi ya mkopo iandikwe kwenye daftari moja la ofisi: aina ya tatizo, siku lilipoletwa, lilipopelekwa, jibu na siku ya jibu, bila jina pale jina lisipohitajika. Mwisho wa mwaka waziri anayeondoka akabidhi daftari hilo mbele ya Bunge la wanafunzi kama anavyokabidhi muhuri. Baada ya miaka mitatu chuo kinaweza kuionyesha Bodi, kwa mfano, ni maombi mangapi yamekwama kwa sababu ya cheti cha kifo na yametoka wilaya zipi. Hapo suala linaacha kuwa la mtoto mmoja asiyejua kujaza fomu. Linakuwa suala la usajili wa vifo machimboni, na anayepaswa kujibu si mtoto tena.

Kwamba hesabu za namna hiyo hufika mbali, mfano upo. Wadaiwa wa Bodi walikuwa wakiongezewa asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na tangu marekebisho ya 2016 walikatwa asilimia 15 ya mshahara. Wafanyakazi walikuwa wakionyeshana hati zao: mtu amelipa miaka mitano, deni ni kubwa kuliko siku aliyoanza. Hati hizo zilizungumza kuliko hotuba. Mei Mosi 2021, Uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta ile asilimia 6. Ile 15 ilibaki.

La pili ni kwenda walipo waombaji. Dirisha la maombi ya mkopo kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati wanafunzi wengi wa vyuo wako likizo makwao. Shinyanga, Kahama, Msalala, Geita na Nyang'hwale zina wanafunzi wao Mlimani, Dodoma, SAUT na Kizumbi. Hao wanajua fomu kwa sababu wameijaza. Wanajua duara kwa sababu wamekulia pembeni yake. Wakikaa siku mbili kwenye ofisi ya kata, wakamweleza mama mjane kwamba usajili wa kifo unafanyika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwamba kifo cha zamani nacho kinasajiliwa, kwamba jina la mtoto lifanane kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi akaunti ya benki, watakuwa wameokoa mikopo kuliko tamko lolote la saa 72. Hakuna Makamu Mkuu wa Chuo atakayewasimamisha kwa hilo. Mtendaji wa kijiji pengine atawapa meza.

Kwa hiyo, Waheshimiwa Mawaziri wa Mikopo wa vyuo vyote, likizo ijayo msisubiri waombaji wawafuate Oktoba na machozi. Nendeni machimboni, Mwakitolyo, Rwamagasa na Nyarugusu, mwezi ambao dirisha limefunguliwa, mkiwa na daftari na orodha ya vyeti vinavyotakiwa. Na wewe uliyekosa mkopo ukiwa na sababu ya kueleza, usikae kimya wala usitafute mganga: baada ya majina kutangazwa, Bodi hufungua dirisha la rufaa, nalo halikai wazi muda mrefu.